Sabuni na Mpulizo wa Moyo

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa ofisi ya mifugo, mlinipa kapulana mbili za kujifunga, saa ya ukutani na soda isiyopata barafu. Kwa saa nawashukuru, ingawa mtu aliyestaafu sijui anaiharakia nini. Halafu yule binti wa maabara akanishika mkono akaniambia, "Mama Fatuma, tuandikie ya zamani, tusije tukabaki na vitabu peke yake." Nikasema nitaandika. Vyeo sitavitaja, viko kwenye faili. Mshahara mnaujua kwa kuitazama nyumba yangu. Nitawaandikia habari za masikio, maana miaka yote hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza, na aliyenifundisha kusikiliza vizuri alikuwa mtoto wa mbwa mdogo kuliko kiatu cha askari.

Najua baadhi yenu, hasa nyinyi wa pwani wenzangu, mbwa mnamtibu mkiwa mmesimama mbali naye hatua mbili. Nami nilianza hivyo hivyo. Someni polepole.

Nilizaliwa Palma. Baba alichukuliwa na serikali ya Wareno kwenda kutengeneza barabara, kazi ya lazima, hakurudi. Mama alimfuata mwaka wa pili kwa homa. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwa Zainabu na Saidi, na aliyebaki kutulea, au sisi kumlea yeye, alikuwa Bibi Mwanahawa, mama yake mama, ambaye mguu wake mmoja haukukunjika. Shule niliacha darasa la pili. Nilikuwa najua kusoma polepole na kuandika jina langu bila kukosea, basi.

Vita vya ukombozi vilipoanza, majirani wengi walivuka Ruvuma kwenda upande wa pili. Bibi alituambia, "Nendeni, mniache na kuku." Hatukwenda, kwa sababu ya ule mguu, na pia kwa sababu kuku wenyewe walikuwa wawili tu, wasingemtosha kwa mazungumzo. Tukabaki mjini, ndani ya waya waliouzungusha wanajeshi wa Kireno. Nilipofika miaka kumi na minane nikasikia posto ya mifugo, kituo cha kutibu wanyama, inatafuta mtu wa kufua vitambaa na kuosha mabeseni. Nikaenda asubuhi ile ile, na kapulana yangu nimeifunga vizuri.

Posto ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, bati juu, karibu na lango la kuarteli, kambi ya wanajeshi. Ndani kulikuwa na meza ya mbao iliyokwanguliwa na kucha, kabati la dawa lenye kioo kimoja badala ya viwili, na fundi mwenyewe, Mestre Kosme. Alikuwa nesi wa wanyama, Mmakonde wa bara, Mkristo, ana chale za uso kama wazee wa kwao, na koti lake jeupe lilipigwa pasi hata siku ambazo hakuna mgonjwa. Wareno hawakumpenda, kwa kuwa ndugu zake walikuwa msituni na wapiganaji. Lakini hapakuwa na mwingine anayejua kumdunga ng'ombe sindano bila kutupwa ukutani.

Akaniuliza, "Unaogopa mbwa?"

"Siogopi, Mestre. Ila dini yangu..."

"Dini yako imesema umpige teke?"

"Haijasema."

"Basi tutaelewana."

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Bibi alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje kutoa hukumu barazani. Mwalimu akasema mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Lakini penye mate au unyevu, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Bibi akaweka kopo la udongo safi mlangoni, nje, na kata ya maji pembeni. Kila jioni alikaa kwenye mkeka akihesabu kwa sauti huku nikiosha mikono. Nikifika ya sita akaniona naharakisha, alinirudisha mwanzo. Nimefanya kazi chini ya wakaguzi wengi baadaye. Hakuna aliyemfikia.

Mwezi wa pili niligundua siri ya Mestre Kosme. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mabeseni manne, moja likaniponyoka. Lilipiga sakafu kwa kishindo ambacho hata mlinzi wa langoni alichungulia. Mestre hakushtuka. Aliendelea kufuta sindano mpaka beseni lilipobingirika likapita mbele ya mguu wake. Hapo ndipo alipogeuka, akanitazama mimi, akalitazama beseni.

"Umejua," akasema.

"Nimejua, Mestre."

"Nani mwingine anajua?"

"Beseni."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaniambia. Mwaka uliotangulia alikuwa kwenye lori lililokanyaga bomu katika barabara ya Diaca. Mwili ulipona wote, masikio yakabaki kule. Watu aliwaelewa kwa kutazama midomo yao. "Wakijua," akasema, "sina kazi. Na Mmakonde asiye na kazi hapa mjini siku hizi anaitwa mtu wa msituni, anapandishwa ndege, na hakuna anayekwambia imetua wapi."

Kuanzia hapo nikawa masikio yake. Alinipa mipira ya kusikilizia, hiyo mnayoiita stetoskopu, imepasuka mahali pawili na kuzibwa kwa kiraka cha tairi la baiskeli. Alinifundisha kwa kugonga meza. Du-tu, du-tu. "Mlango unafungwa, mlango wa pili unafungwa. Moyo ni nyumba yenye milango." Halafu akagonga tena, na katikati akapuliza kidogo kwa mdomo: du-fff-tu. "Huo ni mpulizo. Damu inapita mahali ikipiga kelele, kama maji kwenye mfereji wenye jiwe." Nilisikiliza mbuzi, nikasikiliza punda wa duka, nikamsikiliza mdogo wangu Saidi mpaka akalalamika kwa Bibi kwamba namfanya mifugo. Jioni nilimgongea Mestre mezani nilichosikia, naye akiweka kiganja juu ya mbao alipokea kila pigo. Akiona nimekosea, alinirudisha kwa mbuzi.

Ndipo jike la mbwa wa kuarteli likazaa watoto sita. Walipofikisha wiki sita, sarjento aliyesimamia mbwa akawaleta posto ndani ya kreti ya bia. Alikuwa mtu mwenye shingo nyekundu, mwenye haraka hata ya kukaa. Akasema daktari wa wanyama atakuja kwa ndege kutoka Porto Amélia baada ya wiki mbili, achague wa kufundishwa kunusa nyayo. Kabla ya hapo posto iwapime mioyo na kuandika kwenye daftari.

"Ó Kosme, sikia vizuri," akasema, na mimi nikakaza uso nisicheke. "Mwenye moyo mbovu sitamlisha. Chakula cha kuarteli si cha wagonjwa. Ukimwona, niambie, nimmalize."

Alipotoka, nikaanza kusikiliza. Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo, na nawaomba mlisome mara mbili. Watoto wale walikuwa wametoka kunyonya na mama yao alikuwa amewalamba mwili mzima, walikuwa wamelala lakini wamelowa. Nikafikiria kopo la udongo, nikafikiria Bibi anahesabu, nikafikiria mara saba kwa watoto sita. Nilikuwa na kipande cha kapulana kuukuu cha kufutia meza. Nikakitandaza juu ya kifua cha kila mmoja, nikaweka kichwa cha stetoskopu juu ya kitambaa. Wa kwanza: fff. Wa pili: fff. Wote sita. Mestre aliporudi kutoka chumba cha pili alikokuwa akitafuta wino, nikamgongea mezani, nikapuliza mara sita. Akaandika: sita, wamelala, wote wana mpulizo. Kabla wino haujakauka sarjento akarudi kuchukua kofia aliyoisahau, akasoma, akatukana matusi ambayo sikuyajua yote, akaweka sahihi yake chini, akaondoka kwenda kumwambia mkubwa wake.

Mestre akabaki anaitazama ile karatasi.

"Sita," akasema. "Fatuma, hata kwaya ya misheni haiwezi kupuliza sita kwa pamoja. Hebu sikiliza tena, mbele yangu."

Nikachukua kitambaa.

"Hicho nini?"

"Kapulana, Mestre."

"Naiona ni kapulana. Inafanya nini hapo?"

"Wamelowa."

Hakunifokea. Alikichukua kile kitambaa, akakiweka kifuani mwake juu ya koti, akanipa mipira, akapumua. Fff, fff, fff.

"Umesikia moyo wa nguo," akasema. "Nao ni mgonjwa sana, umechanika pembeni."

Tukawaweka watoto wale juani kwenye gunia mpaka wakakauka na kulala tena, matumbo juu. Mestre akasema, "Wakikauka, hutaki kitambaa. Wakilowa, udongo Palma upo wa kutosha." Nikapita mmoja mmoja, kifua kitupu, nyuma kidogo ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Moyo wa mtoto wa mbwa unakwenda mbio, mtu asiyezoea anasikia mvua tu kwenye bati. Lazima ungoje. Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Watano walikuwa safi kama ngoma. Wa sita, mdogo kuliko wote, mweusi mwenye kidoa cheupe kidevuni, nikasikia du-f-tu. Si kwa nguvu. Kama mtu anayepoza chai.

Nilisikiliza mara nne. Mestre naye akaweka kiganja chake kifuani kwa yule mtoto, akafumba macho, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijaenda kokote. "Hakuna mtetemo," akasema. "Mpulizo mbaya unaugusa kwa mkono, unatetemeka kama paka akifurahi. Au ukisikiliza unazunguka bila kupumzika, kama cherehani. Huu wako ni wa hewa tu. Mtazame fizi." Fizi zilikuwa nyeupe. "Ana minyoo na viroboto, damu imepungua. Damu nyepesi inapiga kelele. Na hata asingekuwa na minyoo, wengine huzaliwa na kampulizo kadogo, wakifika miezi minne kameisha. Usimhukumu mtoto kwa kelele za wiki sita."

Sarjento aliporudi asubuhi iliyofuata akakuta sita imekatwa mstari na moja imeandikwa chini yake.

"Jana sita, leo mmoja?"

"Jana walikuwa wanahema, bwana sarjento," akasema Mestre. Alisema uongo huo kwa ajili yangu, ili kitambaa changu kisitajwe, na kwa ajili yake, ili isiulizwe nani alishika mipira. Ulikuwa uongo mdogo. Kumbukeni kwamba ukurasa uliosema wamelala ulikuwa na sahihi ya sarjento.

"Na huyu mmoja namchukua sasa hivi," akasema sarjento, akamshika mtoto kwa ngozi ya shingo.

"Ndege inakuja baada ya wiki mbili. Daktari akiuliza watoto ni wangapi, utamjibu sita au watano?"

Sarjento akafikiri. Hakupenda kufikiri, lakini alipenda zaidi kutoulizwa maswali. Akamrudisha kwenye kreti. "Mpaka ndege itakapokuja. Chakula mpeni nyinyi."

Basi kazi ikawa hiyo. Asubuhi dawa ya minyoo, kipimo cha mtoto, iliyosagwa kwenye maziwa. Mpishi wa kuarteli, mtu wa Nampula, alinipa vipande vya ini kwa sharti nisimwambie vinaliwa na nani. Viroboto niliwatoa mmoja mmoja kwa chanuo la meno membamba, mpaka siku Bibi alipouliza, "Chanuo la Zainabu limekwenda wapi?" Nikalitazama kopo la udongo. Bibi akaelewa. Hakulitaka tena lirudi nyumbani, wala kwa kuoshwa mara sabini.

Mate ya yule mtoto yalikuwa mengi kuliko mwili wake. Kila nilipomwinua alinilamba mpaka kwenye kiwiko. Jioni nilikuwa naosha, naosha, kopo la udongo linakwisha, Saidi anatumwa kuchota jingine. Bibi akasema, "Huyo mnyama anatumaliza. Anatula kama sisi ni sabuni." Jina likabaki. Sabuni. Posto nzima ikamwita hivyo, hata mpishi.

Kila wiki, siku ile ile, Sabuni akiwa ameshiba na kulala, nilisikiliza. Kuandika maneno sikuweza, hivyo Mestre aliniruhusu nichore. Nukta mbili kwa du na tu, na katikati mstari wa mawimbi kwa mpulizo. Mpulizo mkubwa, mawimbi manene. Wiki ya saba, mawimbi. Wiki ya nane, mawimbi. Ndege ilikuwa ije, haikuja. Tukaambiwa inabeba majeruhi wa bara. Wiki ya tisa fizi zikaanza rangi ya waridi, na mawimbi yangu yakawa membamba. Ndege ikaahidiwa tena, mvua ikaharibu kiwanja. Wiki ya kumi na moja, ndege haipo. Vita vilivyotunyang'anya kila kitu vilikuwa vinampa mtoto wa mbwa siku, moja moja, bila kujua.

Bibi hakutaka kumwona wala kusikia rangi yake. Lakini kila jioni, kabla ya kuanza kuhesabu, alitazama pembeni na kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Moyo wake unasemaje leo?"

"Bado unapuliza, Bibi. Kidogo."

"Hm. Osha mikono."

Wiki ya kumi na tano nilisikiliza, sikusikia mpulizo. Nikabadilisha mahali, kidole kimoja mbele, kimoja nyuma. Du-tu. Nikangoja. Du-tu. Nilitakiwa nifurahi, badala yake nikaingiwa na hofu. Nilimpenda sana Sabuni. Nilitaka mpulizo usiwepo. Je, haupo, au masikio yangu yameamua kunifurahisha? Na aliyeweza kunisahihisha hakuwa na masikio.

Nikamwambia Mestre. Akanitazama mdomo mpaka nikamaliza.

"Chora ulichosikia," akasema. "Usichore unachopenda. Kesho sikiliza tena ukiwa umemkasirikia."

Kesho yake Sabuni, kama aliyeagizwa, alitafuna kandambili yangu. Nikamkasirikia kweli. Nikasikiliza. Du-tu. Nikachora nukta mbili na kati yake pakawa peupe.

Siku ya tatu ndege ikaja, bila kuahidiwa na mtu.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mvi masikioni, mkoba umechakaa. Alisema ana dakika kumi tu, kwa sababu kulikuwa na askari majeruhi wa kupandishwa na rubani hataki kuzima injini. Watoto sita, sasa vijana wa miguu mirefu, walikuwa wamefungwa kamba kwenye nguzo ya posto. Sarjento akamfungulia daftari kabla hatujasalimia.

"Tazama mwenyewe, daktari. Siku ya kwanza, sita wagonjwa. Siku ya pili, mmoja. Halafu michoro ya watoto wa shule. Leo hakuna mgonjwa. Hawa wawili wanatuchezea."

Daktari akasoma. Akamwuliza Mestre, "Kosme, nakujua miaka mingi. Hii sita ni ya nini?"

"Walikuwa wanahema, daktari."

"Umeandika wamelala."

Mestre akalitazama daftari. Injini ilikuwa inanguruma kule kiwanjani. Daktari akafunga daftari.

"Daftari likinidanganya ukurasa wa kwanza, siwezi kuamini wa mwisho. Watano nawapitisha kwa macho. Huyo mdogo sina muda naye. Sarjento, mmalize."

Sarjento akaenda kufungua kamba ya Sabuni. Sabuni akadhani anapelekwa kutembea, akamlamba mkono.

Sikuwahi kabla ya siku ile kusema neno mbele ya Mreno ila "ndiyo" na "tayari". Nikasema, "Ni mimi, bwana daktari. Ni kapulana."

Wote wakageuka. Nikaeleza kwa Kireno changu cha kuosha mabeseni: walikuwa wamelowa, mimi ni Muislamu, niliweka kitambaa, nikasikia nguo nikadhani moyo. Mestre hakumwongopea mtu ila kwa kunificha mimi.

Daktari akaniuliza, "Na mfua vitambaa anasikiliza mioyo kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilitaka kumtoa Sabuni, na nikamweka Mestre kwenye kamba yake. Mestre, aliyekuwa nyuma yangu, hakuwa amesikia chochote, lakini aliona nyuso zote zimemwelekea yeye.

"Fatuma, umesema nini?" akaniuliza. Nikarudia polepole, nikimtazama ili asome midomo yangu, machozi yakinitoka.

Angeweza kunikana. Neno moja tu, na mimi ndiye ningefukuzwa. Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti.

"Amesema kweli, daktari. Mimi sisikii. Tangu bomu la barabara ya Diaca. Masikio ya posto hii ni ya huyu binti. Na ni mazuri kuliko yangu yalivyokuwa."

Sarjento akasema jambo la kutupeleka mimi na Mestre kwa mkubwa wake. Daktari akamwinulia mkono anyamaze. Akafungua vifungo viwili vya shati lake.

"Njoo hapa," akaniambia. "Bila kapulana."

"Daktari!" sarjento akasema.

"Shika mbwa wako, sarjento."

Nilifuta kichwa cha stetoskopu kwa spiriti, nikakiweka. Nikangoja, kama nilivyofundishwa. Na nikausikia. Du-ffff-tu. Mpulizo mpana, wa kujaza nafasi yote kati ya pigo na pigo. Nikausogelea chini kidogo, ukaongezeka. Nikaufuata, ukanipeleka mpaka kwapani. Nikatoa mipira masikioni. Unamwambiaje mkubwa jambo kama hilo?

"Sema."

"Una mpulizo, bwana daktari."

"Wapi?"

"Chini, kushoto. Unakwenda kwapani."

"Mkubwa kuliko wa huyo mbwa?"

"Wa huyu umekwisha. Hata ulipokuwepo, kwa huu wako ulikuwa mtoto."

Daktari akafunga vifungo taratibu. "Nilipata homa ya viungo nikiwa na miaka tisa," akasema. "Walimwambia mama yangu asihangaike kuninunulia viatu vipya." Akatazama chini, viatu vyake vilikuwa vimechakaa visigino. "Nimemaliza jozi nyingi."

Mestre, aliyekuwa amesoma midomo yote, akasema, "Bahati yako, daktari, hukuzaliwa kuarteli."

Daktari alicheka mpaka akakohoa. Sarjento hakucheka. Kisha daktari akapiga goti, akamsikiliza Sabuni mwenyewe, macho amefumba, dakika nzima katika zile kumi. Akaandika chini ya nukta zangu mbili: moyo safi, umbo dogo mno kwa kazi ya jeshi, abaki posto. Alipokuwa anapanda gari kwenda kwenye ndege alimwambia sarjento kwamba posto hii ina nesi mwenye mikono na msaidizi mwenye masikio, na kwamba yeye ameridhika, na asiyeridhika amwandikie. Sarjento hakuwa mtu wa kuandika.

Wale watano wakapelekwa kujifunza kunusa nyayo. Nyayo za nani, tulijua. Jioni ile Mestre alilipiga pasi tena koti lake, na mimi nilifua vitambaa ambavyo vilikuwa safi tayari. Kupona kwa mmoja hakukutufanya tusiwahesabu wengine.

Ya baada ya hapo mnayajua, au yako kwenye faili. Vita viliisha, bendera ikabadilika, sarjento akapanda meli. Mestre Kosme alibaki na sisi akifundisha kwa kugonga meza mpaka mikono nayo ikachoka. Tulimzika kwao bara, na katika jeneza nikaweka kiraka kimoja cha baiskeli. Nimesikiliza mioyo mingi tangu hapo. Ya cherehani nimeikuta, na nimewaambia wenyewe ukweli, na nimelia nao wengine. Lakini ule wa kupoza chai, kila mara nimesema ngojeni. Wiki ya sita, ya tisa, ya kumi na mbili, ya kumi na sita, mkavu, ameshiba, amelala, na kitambaa mbali. Mkiniuliza nimewaachia nini, ni hicho, na lile daftari. Liko droo ya chini, msilichane kufungia vitumbua.

Siku moja nimeiruka makusudi. Ilikuwa wiki moja baada ya ile ndege, adhuhuri, jua kali. Nikamwona Bibi Mwanahawa anakuja kwenye njia ya posto, anaburuta mguu wake, Zainabu amemshika kwapa. Tangu mguu ulipogoma hakuwahi kufika hata sokoni. Mkononi alikuwa na kopo la udongo.

"Yuko wapi?" akauliza.

Sabuni alikuwa amelala kivulini mwa ukuta. Bibi akaketi kwenye kreti ya bia, akajitengeneza ushungi wake, akanyoosha mkono. "Niletee hiyo mipira."

Nikamwekea masikioni. Nikamwongoza mkono mpaka nyuma ya kiwiko. Sabuni akaamka, akamtazama, akampa ulimi wake wote, kuanzia kifundo cha mkono mpaka vidoleni. Zainabu akapiga kelele. Bibi hakuondoa mkono. Alisikiliza kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kichwa kinaitikia.

"Kumbe," akasema, kwa sauti ya juu kama wasemavyo watu wenye mipira masikioni. "Kumbe unakwenda kama wetu."

Kisha akavua, akavuta kopo lake, akaniambia nimwagie maji. Akaanza kuosha, akihesabu. Alipofika ya tano akapotea hesabu, kwa sababu alikuwa bado anamweleza Zainabu jinsi ulivyokuwa unapiga. Akatikisa kichwa, akachota udongo tena, akaanza upya: moja.